Kwa nini Wajaini huenda kuupanda Mlima Shatrunjaya

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi naandika hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Mombasa. Tajiri wangu ni Mhindi wa dini ya Jaini. Kila baada ya miaka michache yeye na mkewe hufunga safari hadi India kupanda mlima wa Palitana. Mwaka huu mama mwenye duka amepita miaka 70, magoti yanamsumbua, na bado anasema atapanda kwa miguu yake bila kutia kitu tumboni. Nilimuuliza kama mungu wao anakaa huko juu. Akacheka, akasema sivyo, ila wateja wakaingia tukaachia hapo. Naomba unieleze mlima huo una nini hasa. Mbona hawatosheki na hekalu lao la hapa Langoni? Nimesikia pia kuna wanaoupanda mara 99, ni kweli? Na mimi niliye Muislamu, mama akinialika siku moja, naruhusiwa kupanda?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mama alicheka kwa sababu swali lako limegusa penyewe. Sisi wengi tukisikia mlima mtakatifu hufikiria mahali ambapo Mungu anakaa, au aliposhusha maneno yake kwa watu. Utukufu wa mlima wao unatokana na walioondokea pale: watu waliomaliza safari ya kuzaliwa na kufa, wakaenda zao wasirudi tena. Ukilishika hilo, mengine yote uliyoyaona kwa tajiri wako, njaa, miguu mitupu, kung'ang'ania kupanda uzeeni, yataeleweka.

Nianze na majina. Palitana ni mji. Mlima wenyewe unaitwa Shatrunjaya, nao umeinuka kusini mwa mji huo, katika wilaya ya Bhavnagar, jimbo la Gujarat, upande wa magharibi ya India. Kutoka Bhavnagar mjini ni kama kilomita 50 kwa barabara. Kwa urefu si mlima wa kutisha. Kimo chake ni kama mita 600, na milima ya Taita inauacha mbali sana. Lakini juu yake kumejengwa mahekalu zaidi ya 800, makubwa kwa madogo, mengi yakiwa ya marumaru na mawe ya kuchongwa, yamezungushiwa kuta nene zenye malango kama ngome. Yamegawanyika katika makundi tisa, na kila kundi huitwa tuk. Ukiwa kileleni unaona minara yenye bendera kila upande, na chini kabisa Mto Shatrunji unang'aa uwandani.

Sasa imani yenyewe. Kwako wewe Muislamu itakuwa ngeni, lakini isikilize kama wenyewe wanavyoisema. Wajaini hawaamini Mungu muumba. Kwao ulimwengu hauna mwanzo wala mwisho, na kila chenye uhai kina roho: mtu, ng'ombe, siafu, mti, hata tone la maji lina roho ndani yake. Kwa asili yake roho ni safi na inajua yote, ila imefungwa na karma. Na karma wanayoizungumzia ni kitu hasa, chembe nyembamba zisizoonekana, zinazoganda rohoni kila mtu anapotenda, anaposema au anapowaza kwa hasira, kiburi, hila au tamaa. Mfano wanaoupenda walimu wao ni wa vumbi na mwili uliopakwa mafuta. Vumbi liko hewani siku zote, lakini linamganda aliyejipaka mafuta, na mafuta hayo ndiyo zile hasira na tamaa. Kwa hiyo kazi ya mtu ni kuzuia lisigande jipya, na kuliondoa la zamani kwa kujinyima: kufunga, kunyamaza, kuvumilia joto na uchovu bila kulalamika. Roho ikisafika kabisa hupanda hadi kilele cha ulimwengu na kukaa huko milele katika utulivu. Hiyo ndiyo moksha.

Katika zama hizi, wanasema, wametokea walimu 24 waliofika huko na kuwaonyesha wengine njia. Huitwa tirthankara. Wa kwanza ni Rishabha, ambaye pia anaitwa Adinath, na wa mwisho ni Mahavira, aliyeishi mashariki mwa India kama miaka 2,500 iliyopita. Sanamu unazoziona katika mahekalu yao ni za hao. Na kwa kuwa wamekwisha kuwa huru, hawasikii maombi, hawagawi mvua wala watoto, hawamkasirikii mtu. Mjaini anapoinama mbele ya Adinath, anaiinamia hali ambayo naye anatamani kuifikia. Hata hivyo watu ni watu, na shida hazisubiri elimu ya dini. Wapo miungu walinzi kama Chakreshwari, mwenye hekalu lake mlimani hapo, ambao waumini huwapelekea haja zao za afya na biashara. Lakini mwenye mlima, kwa maana ya anayeheshimiwa kuliko wote, ni Adinath, naye hatoi kitu. Wagujarati humwita Dada, yaani babu, kwa mapenzi kabisa.

Tajiri wako kwa uwezekano mkubwa ni wa madhehebu ya Shvetambara, maana Waoshwali, jamii kubwa ya Wajaini huku kwetu, na jamaa wengi wa Kijaini wa Afrika Mashariki ni wa huko. Mapokeo yao yanasema kwamba tirthankara 23 kati ya 24 walifika Shatrunjaya. Ni Neminath peke yake ambaye hakufika, na yeye ana mlima wake, Girnar, katika eneo hilo hilo la Gujarat liitwalo Saurashtra. Adinath alikuja hapa tena na tena, akikaa chini ya mti wa rayan ambao hadi leo mahujaji wanauzunguka, na chini yake kuna nyayo zake zilizochongwa kwenye jiwe. Mjukuu wake, Pundarik, mkuu wa wanafunzi wake, ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kupata moksha mlimani hapa, pamoja na umati mkubwa mno wa watawa. Hata Wapandava watano, mashujaa wa Mahabharata, utenzi mkuu wa kale wa India, kwa simulizi za Shvetambara walimalizia hapa. Madhehebu mengine, Digambara, nao wanauheshimu mlima na wana hekalu lao moja juu, ila wao husema waliokombolewa hapa ni watatu kati ya hao watano.

Ndiyo maana kinachotukuzwa ni mlima wenyewe, kabla ya hekalu lolote. Waumini husema hakuna changarawe ya Shatrunjaya ambayo haijaguswa na roho iliyokombolewa. Mahekalu yamejengwa, yamebomolewa, yamejengwa upya, na mlima haukupungua thamani. Tena kuna imani nyingine ambayo nadhani ndiyo iliyo moyoni mwa mama mwenye duka, hata kama hakukwambia: kwamba kuna roho zenye uwezo wa kukombolewa siku moja na nyingine zisizo na uwezo huo, na isiyo nao haijaliwi kabisa kuufikia mlima huu. Kwa hiyo mtu anapokanyaga kidato cha kwanza, amekwisha kupata bishara njema kuhusu nafsi yake, hata kama zimebaki maisha mengi mbele. Bibi wa miaka 70 mwenye magoti mabovu hawezi kuliona hilo kuwa jambo dogo.

Twende sasa kwenye upandaji. Watu huanza gizani, saa kumi na moja alfajiri au kabla, ili jua la Gujarat lisiwakute njiani. Mahali pa kuanzia panaitwa Jay Taleti, chini kabisa, na hapo hakuna anayepita bila kuinama na kuugusa mwamba kwa paji la uso. Ndiyo ibada ya kwanza kati ya tano za siku hiyo. Nyingine ni kwenye hekalu la Shantinath, kwa Pundarik, penye nyayo chini ya mti wa rayan, na kwa Adinath mwenyewe. Kisha ni ngazi. Vidato vya mawe zaidi ya 3,000, vipana, si vya kuruka viwili viwili. Wengi hupanda miguu mitupu, na viatu vya ngozi, mikanda ya ngozi, pochi ya ngozi, vyote ni marufuku kwa kuwa vimetoka kwa mnyama aliyekufa. Njiani kuna vibanda vya kupumzikia ambako hujaji hupewa maji, na kwa wanaofunga ni maji yaliyochemshwa tu. Sehemu moja ya mteremko mkali inaitwa Hinglaj no hado, na Wagujarati wana kibwagizo chake kinachomwambia mpandaji: umefika kwa Hinglaj, shika kiuno upande. Nimeona watu wazima wakikisema kwa sauti huku kweli wameshika kiuno.

Wasioweza kabisa hubebwa kwa machela, kiti kinachoning'inia kwenye mti unaobebwa begani na wapagazi wawili, au wanne mtu akiwa mzito. Wapagazi hawa ni wenyeji wa vijiji vya pale, na mlima ndio riziki yao. Sijui kama mama atakubali machela. Wazee wengi hukataa, na sababu yao si ukaidi: kazi ya kupanda ndiyo inayoondoa karma. Ukipandishwa na mabega ya mwenzio, taabu nayo imebebwa na mwenzio.

Kufika juu si mwisho. Anayetaka kuigusa sanamu lazima aoge kule kule juu na kubadili nguo. Wanaume huvaa vipande viwili vya kitambaa kisichoshonwa, na wanawake nguo safi zilizowekwa kwa ibada tu. Mdomo na pua hufungwa kwa kitambaa kilichokunjwa mikunjo minane, pumzi isiifikie sanamu. Halafu foleni, ndefu kweli siku za sikukuu, na kila mtu ana kikombe kidogo cha liwa ya msandali iliyochanganywa na zafarani. Akifika mbele ya Adinath, sanamu kubwa nyeupe iliyoketi, yenye macho yanayong'aa, hutumia kidole cha pete cha mkono wa kulia kuweka liwa mahali tisa: vidole vya miguu, magoti, vifundo vya mikono, mabega, utosi, paji la uso, koo, kifua na kitovu. Yote kwa muda mfupi sana, kwa sababu nyuma yake kuna mia wengine. Nimewaona wakitoka hapo wamelowa machozi.

Nani aanze asubuhi? Hapo kuna desturi ambayo mgeni hawezi kuisahau. Haki ya kuwa wa kwanza kuiogesha sanamu, wa kwanza kuipaka liwa, wa kwanza kuivisha maua, hupigwa mnada hadharani, na bei hutajwa kwa mani za samli, kipimo cha zamani cha Kihindi. Samli yenyewe haipo. Kila mani imepangiwa thamani yake kwa rupia na mshindi hulipa fedha. Fedha hiyo ni ya hekalu na sanamu tu, haitumiki kwa jambo jingine lolote, na mfanyabiashara anayegombea senti dukani mwake humwaga hapo mamilioni bila kupewa hata risiti ya baraka. Ukitaka kumwelewa tajiri wako, fikiria hilo.

Jambo jingine nililoliona ni la mchele. Hujaji hukaa chini mbele ya meza fupi, akamimina mchele mkavu na kuupanga kwa vidole: chini alama ya swastika, ambayo India ni ya kale na ya heri, mikono yake minne ikiwa ni hali nne ambamo roho huzaliwa, juu yake vitone vitatu, yaani imani sahihi, elimu sahihi na mwenendo sahihi, na juu kabisa hilali yenye kitone, makao ya waliokombolewa. Juu ya mchele huweka tunda au kitu kitamu. Na akishaweka, haondoki nacho. Mahekalu mengi ya Kihindu hugawa chakula kilichotolewa kama baraka ili waumini wale. Hapa muumini hagusi tena alichotoa. Ametoa ili kimtoke mikononi, basi.

Na chakula? Juu ya mlima hairuhusiwi kula wala kubeba chakula. Kwa miaka mingi wanawake wa vijijini wamekuwa wakiuza maziwa mgando kwenye vyombo vya udongo karibu na lango la juu, na watawa wamekuwa wakiwakemea wanaonunua. Tajiri wako hatanunua, nina hakika. Ukishuka chini Taleti ndipo kuna mahali ambapo kila hujaji hukaribishwa bure kwa chai na vitafunio, na baada ya saa nane au tisa za kupanda, kuabudu na kushuka, watu hula kwa heshima ya ajabu. Na lazima ushuke. Kabla ya giza mahujaji wote na wahudumu wa ibada huteremka, mlima ukabaki peke yake. Hakuna anayelala kule, awe na cheo gani.

Kuhusu zile mara 99: ndiyo, ni kweli. Kwa kuwa mapokeo yanaihusisha idadi ya 99 na safari za Adinath mlimani, wapo wanaojiwekea nadhiri ya kupanda mara 99, kazi ya miezi miwili hivi, mara nyingine wakipanda na kushuka zaidi ya mara moja kwa siku. Vijana wengi, hasa wasichana, huifanya kabla ya kuolewa au kabla ya kuingia utawa. Na kuna nadhiri ngumu kuliko hiyo: kukaa siku mbili bila chakula wala tone la maji, na ndani ya siku hizo kupanda mara saba. Kwa maoni yangu, mtu asiye na afya kamili asijaribu, na watawa wenye busara huwazuia. Wala si faradhi. Anayepanda mara moja maishani ametimiza.

Mlima huu umeshikiliwa na watu wa biashara tangu zamani, na historia yake ni tamu. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 12 waziri mmoja wa Gujarat, Udayan, alisimama hapa kuabudu akiwa njiani kwenda vitani. Hekalu la Adinath wakati huo lilikuwa la mbao. Akiwa katika ibada akamwona panya akichopoa utambi uliowaka na kukimbia nao. Akaona jinsi jengo lote lingeweza kuwa majivu usiku mmoja, akaapa kulijenga kwa mawe. Vitani akajeruhiwa vibaya, akafa na kiapo chake, na mwanawe Bahad, waziri wa Mfalme Kumarapala, ndiye aliyekitimiza katika miaka ya 1150.

Mwanzoni mwa karne ya 14 majeshi ya Sultani wa Delhi yalipoiteka Gujarat, hekalu liliharibiwa. Lakini mwaka 1315 tajiri mmoja, Samara Shah, alilirudisha, tena kwa ruhusa ya Alp Khan, gavana Muislamu. Likaharibiwa mara nyingine, na mwaka 1531 Karma Shah, mfanyabiashara wa Chittor, akaweka sanamu inayoabudiwa hadi leo. Simulizi yao inasema alikuwa amemkopesha fedha mwana wa mfalme wa Gujarat aliyekuwa mkimbizi. Mkimbizi huyo akaja kuwa Sultani Bahadur Shah, na alipouliza alipe nini, akaambiwa aruhusu mlima ukarabatiwe. Baadaye Akbar, mfalme wa Wamughali, alitoa hati za kuwalinda Wajaini na maeneo yao kwa heshima ya mtawa Hiravijaya Suri. Nakutajia haya kwa makusudi, maana siku hizi wapo wanaoisimulia historia hiyo kana kwamba ni kisa cha Waislamu kubomoa tu. Waliobomoa walikuwa Waislamu, na waliotoa ruhusa ya kujenga nao pia walikuwa Waislamu.

Mahekalu mengi unayoyaona sasa ni ya baadaye zaidi. Lile la Chaumukh, lenye Adinath wa nyuso nne zinazotazama pande nne za dunia, ni la 1618. Kundi zima la Motishah lilijengwa na tajiri wa meli wa Bombay aliyekuta hakuna nafasi, akaamua kujaza bonde lililokuwa kati ya vilele viwili ili apate uwanja. Alifariki 1836, na mwaka uliofuata mwanawe akaweka sanamu wakfu.

Kisa cha karibu kinachonigusa zaidi ni cha 1926. Mtawala wa Palitana, chini ya Waingereza, alikuwa akipokea kutoka kwa Wajaini rupia 15,000 kila mwaka badala ya kutoza kila hujaji. Mkataba ulipokwisha, akataka kodi ya kichwa. Wajaini wa India nzima wakakataa, na silaha yao ikawa moja tu: hawakwenda. Kuanzia Aprili 1926 mlima ulikaa bila mahujaji kwa zaidi ya miaka miwili. Wenye dharamshala, zile musafirkhana za mahujaji, wapagazi, wauza maua, wote wakakaa bure. Mwaka 1928 shauri likaamuliwa mbele ya Lord Irwin, mwakilishi wa mfalme wa Uingereza nchini India: rupia 60,000 kwa mwaka, kwa miaka 35. Hebu pima uzito wake. Watu wanaoamini kwamba kuugusa mlima ule ni bishara ya wokovu walijinyima hata huo mlima.

Mizozo haijaisha. Mwaka 2014, baada ya watawa karibu 200 kugoma kula, serikali ya Gujarat ilipiga marufuku kuchinja na kuuza nyama katika eneo la Palitana. Kwa Mjaini hilo ni jambo la wazi, maana kutodhuru kiumbe ndiyo nguzo ya kwanza ya dini yake. Lakini mjini humo wanaishi pia Waislamu na wengine waliokuwa wakila mkate wao kwenye mabucha na uvuvi, na mimi naona haki yao ilipewa uzito mdogo kuliko ilivyostahili. Mwishoni mwa 2022, nyayo za Adinath zilizoko upande wa pili wa mlima ziliharibiwa, na Wajaini wakaandamana Mumbai, Ahmedabad na kwingineko. Wakati huo huo walikuwa wakipinga mpango wa utalii katika mlima wao mwingine mkubwa, Shikharji wa jimbo la Jharkhand, ambako wanaamini tirthankara 20 walipata moksha, na ambao Wasantali, wenyeji wa pale, nao wanautukuza kama mlima wao mkuu, Marang Buru. Januari 2023 serikali ya India ikasimamisha shughuli za utalii huko.

Umeuliza mbona hawatosheki na Langoni. Wanatosheka, na ibada yao ya kila siku ni hapo hapo. Hekalu hilo la 1963 ni fahari yao. Lakini hekalu limejengwa na watu, na mlima kwao ni mahali jambo lenyewe lilipotokea. Nadhani wewe huhitaji maelezo marefu, maana unaswali msikitini mtaani kwako mara tano na bado unatamani Makka. Na kwa wasioweza kusafiri kuna njia. Miezi minne ya mvua, kati ya Julai na Novemba hivi, hija ya Shatrunjaya husimama, kwa sababu majani na wadudu hujaa njiani na kila hatua ingeua. Mlima hufunguliwa tena siku ya mwezi mpevu wa Kartik, mwezi wa kalenda ya Kihindi unaoangukia Oktoba na Novemba. Siku hiyo, popote walipo, Wajaini hutundika kitambaa kikubwa kilichochorwa mlima wote, ngazi, malango, mahekalu na mahujaji wadogo wadogo wakipanda, wakakisimamia mbele na kuupanda kwa nia. Mwombe mama akuonyeshe.

Siku nyingine kubwa ni Akshaya Tritiya, Aprili au Mei. Wapo waumini ambao kwa mwaka mzima na zaidi hufunga siku moja na kula siku inayofuata, wakimfuata Adinath ambaye alikaa muda mrefu bila chakula kwa kuwa watu hawakujua namna ya kumpa mtawa sadaka, hadi alipopewa juisi ya miwa. Maelfu huja Palitana siku hiyo kufungua mfungo wao kwa juisi hiyo hiyo ya miwa, wakinyweshwa na jamaa zao.

Mwisho, wewe mwenyewe. Ndiyo, unaruhusiwa kupanda, na mahekalu utayaona. Kuigusa sanamu ni kwa waliooga na kuvaa nguo za ibada, na hilo halikuhusu. Mwanamke akiwa katika siku zake haingii hekaluni, taratibu ambayo kwako si ngeni. Acha chini kila kitu cha ngozi. Usibebe chakula. Picha uliza kwanza, kuna kibali chake na ndani ya mahekalu hawapendi. Na huko juu utakuta kitu ambacho huenda mama hakukutajia: ziara ya Angar Pir, walii wa Kiislamu, iliyoko hapo hapo mlimani. Wanawake wasiojaliwa mtoto, wa dini zote, huweka pale vitanda vidogo vya kuchezea vya watoto wachanga kama nadhiri. Ipitie, usome fatiha yako.

Akikualika, msikate tiketi ya Agosti. Novemba hadi Februari hewa ni nzuri, na kwa magoti ya mama nashauri muanze kupanda saa kumi alfajiri, mkiwa na fimbo mbili.